Mashine za Kutosha, Foleni Ileile

Mishahara ikishaingia, simu zote nchini hufanya kazi moja. Huyu anatoa fedha kwa wakala, yule anamtumia mama yake kijijini, mwingine analipa kodi ya nyumba, na nusu ya mtaa inanunua umeme kabla giza halijaingia. Ndipo ujumbe wa uthibitisho unapoanza kuchelewa. Wakala anatazama kioo cha simu, anamtazama mteja, anasema mtandao unasumbua. Mzazi aliyesimama kwenye dirisha la duka la dawa na mtoto mwenye homa begani hawezi kuondoka na dawa kwa ahadi ya ujumbe utakaokuja.

Si kila mara mtandao ndio wenye kosa. Minara inaweza kuwa hewani, nyaya zikawa nzima, na katika jengo moja lenye ubaridi wa viyoyozi zikawapo kompyuta kadhaa, nyingine zikiwa hazina la kufanya. Kilichokwama ni mgawanyo wa kazi kati ya kompyuta hizo, ambazo zote husoma na kuandika katika kanzidata moja. Wahandisi wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini. Ninaliandikia leo kwa sababu wanaotuendeshea fedha zetu, pamoja na wanaowasimamia, wanakimbilia mno jibu la kununua mashine zaidi. Jibu hilo peke yake halitibu ugonjwa huu, na kuna siku huuzidisha.

Tuanze na muamala. Ukimtumia mtu shilingi elfu kumi, kompyuta inafanya mambo mawili: inapunguza salio lako na kuongeza la mwenzako. Yote mawili yatimie, au lisitimie hata moja. Aliyelichimbua wazo hilo kwa kina kuliko wengi ni Jim Gray, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose miaka ya 1970, na ambaye mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta. Tarehe 28 Januari 2007 Gray alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake ya tanga, akielekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake baharini. Hakurudi, na mashua haikupatikana licha ya msako mkubwa. Wiki tano baadaye, tarehe 6 Machi, M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Gray hakuyaona mamilioni ya watu wa kawaida wakifanya miamala mifukoni mwao, wengi wao wakiwa hawajawahi kufungua akaunti ya benki. Lakini kila anayetuma fedha kwa simu akalala bila wasiwasi kwamba zimepotea njiani anafaidi kazi ya kizazi cha Gray.

Ili muamala uwe salama, kompyuta hufunga kwa muda rekodi inazozigusa. Salio lako likiwa linabadilishwa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kulibadilisha mpaka kufuli lifunguliwe. Kwenye kompyuta moja hilo ni jambo la ndani, linaloisha kwa kufumba na kufumbua. Matatizo huanza kompyuta zinapokuwa nyingi na kanzidata ni ileile. Wafikirie makarani kumi wa benki ya zamani wanaotumia daftari moja la wateja. Wateja wanaweza kugawanywa kumi kumi kwa kila dirisha, lakini makarani wanne wakitaka ukurasa uleule, watatu watakaa mikono kifuani. Kuongeza karani wa kumi na moja hakutawasaidia hao watatu.

Kwa nini basi kompyuta ziliunganishwa hivyo? Sababu ya kwanza ni hofu ya kufa kwa mashine. Kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza VAXcluster mwaka 1983, kundi la kompyuta zinazotumia diski zilezile, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. Ndani yake kulikuwa na programu ya kusimamia kufuli, ambayo kazi yake iligawanywa miongoni mwa kompyuta zote za kundi.

Sababu ya pili ni udhaifu, na kisa chake kinanivutia zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta kubwa za IBM zilizobeba benki na mashirika ya ndege duniani zilikuwa za teknolojia ya zamani, ghali, zinazokula umeme mwingi na kupozwa kwa maji. Kampuni ilikuwa katika hali mbaya kifedha. Ikaamua kuhamia kwenye chipu za CMOS, za jamii moja na zile za kompyuta ndogo: bei nafuu, joto kidogo, hewa tu inatosha kuzipoza. Tatizo ni kwamba mashine za kwanza za aina hiyo, zilizotoka mwaka 1994, zilikuwa dhaifu kuliko zile zilizokusudiwa kuzirithi. Hakuna hata moja ambayo ingeweza peke yake kubeba kazi ya benki kubwa. Ilibidi zifanye kazi kwa pamoja, tena bila benki kulazimika kuigawa kanzidata yake vipande.

Hapo ndipo ulipotoka mfumo wa Parallel Sysplex, mwaka huohuo wa 1994. Mfumo huo unaweza kuunganisha hadi mifumo 32. Katikati yake kuna kifaa cha pekee chenye kumbukumbu yake, kinachotunza habari za kufuli na kujua ni nani ana nakala ya ukurasa upi. Kompyuta ikitaka rekodi inauliza hapo na kujibiwa kwa muda unaopimwa kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Kifaa kingine kilisawazisha saa za mashine zote, maana penye daftari moja lazima ijulikane bila ubishi ni nani aliandika kwanza. Na mzigo ulisimamiwa kwa malengo: mwenye mfumo anasema, kwa mfano, kwamba miamala tisini kati ya mia ya wateja wa dirishani imalizike chini ya sekunde moja, na programu inatafuta yenyewe namna ya kulifikia lengo hilo. Mashine iliyo chini ya mzigo wake inapewa kazi. Ripoti ya usiku inasubiri.

Mhandisi anayekabidhiwa kompyuta nne na kanzidata moja hufikiria kwanza kugawa kwa zamu: muamala wa kwanza kwa kompyuta ya kwanza, wa pili kwa ya pili, na kuendelea. Hesabu inatoka sawasawa, kila mashine ina robo ya kazi, na mkubwa wa idara anaoneshwa mchoro wenye nguzo nne za urefu mmoja. Mimi ningeutilia shaka mchoro huo siku ya kwanza.

Kila kompyuta huweka katika kumbukumbu yake kurasa ilizozitumia karibuni, kwa sababu kusoma diski ni polepole. Ukigawa kwa zamu, ukurasa uleule unatakiwa na kompyuta A sasa hivi, kisha C, kisha B, kisha A tena. Katika mfumo wa kwanza wa aina hii wa kampuni ya Oracle, ulioitwa Oracle Parallel Server, hali hiyo ilikuwa adhabu. Kompyuta A ikiwa imebadilisha ukurasa na B ikautaka, A ililazimika kwanza kuuandika kwenye diski, ndipo B iusome kutoka huko. Ukurasa ulirushwa huku na huko kupitia diski, na kila mrusho ulichukua milisekunde. Wapo walioongeza kompyuta ya pili wakakuta kazi inakwenda polepole kuliko ilipokuwa moja. Mwaka 2001 Oracle ilileta mfumo mpya, RAC, wenye teknolojia iliyoitwa Cache Fusion, ambapo ukurasa hupelekwa moja kwa moja kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi ya nyingine kwa waya maalumu wa kasi. Hapo nafuu ilipatikana, kubwa sana. Lakini safari za ukurasa hazikufutwa. Zilifupishwa.

Hata namba za risiti zina mtego wake. Kila muamala hupewa namba inayofuata ile iliyopita, na namba hiyo huingizwa kwenye faharasa iliyopangwa kwa mfuatano. Kwa hiyo kila risiti mpya, kutoka kompyuta yoyote, inataka kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: ule wa mwisho. Mashine nane zinagombea ukurasa mmoja wakati maelfu ya kurasa nyingine hazina anayezigusa. Dawa ni rahisi kwa anayejua. Kila kompyuta ichukue mapema fungu lake la namba, au tarakimu za namba zigeuzwe kinyumenyume ndani ya faharasa ili risiti zinazofuatana zitawanyike. Aliyenunua mashine ya tisa bila kufanya hivyo amenunua mgombea wa tisa.

Kwa hiyo swali la mgawaji lisiishie kwenye nani ana nafasi. Aulize pia nani tayari anazo kumbukumbu za mteja huyu. Watafiti wa IBM na wa vyuo vikuu, hasa Ujerumani na Marekani, walilifanyia kazi swali hilo tangu miaka ya 1980, na waliyoyapata yanaeleweka: miamala inayogusa rekodi zilezile ipelekwe kompyuta ileile, ilimradi kompyuta hiyo haijazidiwa. Mashine moja ikiwa na mzigo wa asilimia 60 na jirani yake asilimia 45, huenda huo ndio usawa bora kuliko wote, kwa sababu hakuna kurasa zinazorushwa. Nguzo za mchoro hazitalingana urefu, na mteja atapata ujumbe wake mapema.

Zamani wateja walikuwa na mgawanyo wao wa asili: tawi la benki. Mteja wa Tanga alihudumiwa Tanga. Mwaka 1985 Gray na wenzake zaidi ya ishirini walichapisha, bila kutaja majina yao, kipimo cha kushindanisha mifumo ya miamala. Kilifuata mfano wa benki yenye matawi, makarani na akaunti, na ndani yake walikadiria kwamba asilimia 85 ya miamala hufanywa na mteja kwenye tawi lake mwenyewe, na asilimia 15 tu kwenye tawi jingine. Kadirio hilo likahamia katika TPC-A, kipimo rasmi cha mwaka 1989. Kipimo hicho kilitaka pia kwamba kila unapodai kufanya muamala mmoja zaidi kwa sekunde, uongeze tawi moja, makarani kumi na akaunti laki moja. Kwa maneno mengine, benki ya mfano ilikua kwa kuongeza matawi, kwa hiyo msongamano ulijitawanya wenyewe. Kwa benki ya Marekani ya wakati ule yalikuwa makadirio ya busara.

Fedha za simu hazina tawi. Kijana wa Mbeya anamtumia dada yake Mwanza, kesho anamlipa mwenye duka Kariakoo, keshokutwa yuko safarini na anatoa fedha Singida. Ukiwagawa wateja kwa mikoa, mtumaji ataangukia kompyuta moja na mpokeaji nyingine mara nyingi kuliko kipimo kile kilivyowazia. Ila jambo hilo, naona, halitishi sana. Salio langu na lako ni rekodi mbili kati ya mamilioni, na uwezekano wa watu wawili kuzigombea katika sekunde ileile ni mdogo.

Hatari iko upande wa wapokeaji wakubwa. Shule inayopokea ada, shirika la umeme, mamlaka ya maji, kampuni ya kamari wakati wa mechi kubwa: kila mmoja anaweza kuwa na akaunti moja ya kukusanyia, yenye salio moja, rekodi moja. Tarehe mosi watu laki moja wanaolipa umeme wana akaunti laki moja za kutolea, lakini wote wanataka kuongeza kitu kwenye salio lilelile. Kufuli ni moja. Kama kila mmoja analishika kwa milisekunde 5, hakuna namna ya kupita zaidi ya malipo 200 kwa sekunde, hata ukiwa na kompyuta mia moja. Laki moja gawa kwa 200 ni sekunde 500, zaidi ya dakika nane za foleni ambayo hakuna mashine itakayoipunguza. Kompyuta mia moja zitaifanya iwe mbaya zaidi, maana kufuli lenyewe sasa linasafiri kati ya mashine nyingi.

Haya yalijulikana kabla ya simu ya mkononi kufika kwetu. Benki zilizotumia mfumo wa IMS wa IBM, ambao chimbuko lake ni mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, ziliongezewa katika miaka ya 1970 njia iitwayo Fast Path kwa ajili ya rekodi zinazogombewa namna hii. Mwaka 1986 mtafiti Patrick O'Neil alichapisha njia iliyokomaa zaidi. Alisema, kwa ufupi, kwamba anayeongeza fedha hahitaji kujua salio ni kiasi gani. Kuongeza elfu tano kisha elfu mbili ni sawa na kuongeza elfu mbili kisha elfu tano, kwa hiyo hakuna sababu ya mmoja kumsubiri mwenzake. Anayetoa ndiye anayehitaji kujua kama zilizopo zinatosha, na hata yeye anaweza kutengewa kiasi chake pembeni huku wengine wakiendelea.

Katika matumizi, akaunti ya shule hugawanywa ndani kwa ndani kuwa vipande, tuseme 16, na kila kompyuta inaandika kwenye vipande vyake. Mzazi haoni tofauti. Mhasibu wa shule akitaka salio, mfumo unajumlisha vipande vyote. Akitaka kutoa fedha nyingi kwa mkupuo, inabidi vipande vikusanywe kwanza, na hapo atasubiri kidogo. Ninaona ni haki kabisa mhasibu mmoja asubiri sekunde tatu mara moja kwa wiki kuliko wazazi elfu kumi wakwame kwenye foleni. Uamuzi huo haugharimu mashine hata moja. Unamtaka mtu aliyeelewa biashara yenyewe akae meza moja na aliyeelewa kanzidata, na ofisi nyingi hazijawahi kuwakutanisha.

Mgawaji mwenyewe pia hudanganyika. Anapokea habari za mzigo wa kila mashine kila baada ya muda fulani, na habari hizo huzeeka haraka. Kompyuta ya tatu ikionekana tupu, wagawaji wote wanaipelekea kazi kwa pamoja, na kufikia taarifa inayofuata imekwisha kufurika. Kuna kosa baya kuliko hilo. Kompyuta iliyopoteza njia ya kufika kwenye kanzidata hukataa kila muamala papo hapo. Kwa mgawaji anayepima kasi ya majibu tu, hiyo ndiyo mashine yenye kasi kuliko zote, na anaielekezea wateja wote wakakataliwe. Ndiyo maana mgawaji mzuri huhesabu miamala iliyofanikiwa.

Kuhusu habari zilizozeeka, katikati ya miaka ya 1990 lilipatikana jibu la ajabu kwa urahisi wake. Ukiwa na kazi milioni moja na mashine milioni moja, ukarusha kila kazi kwenye mashine yoyote kwa bahati nasibu, mashine iliyolemewa kuliko zote kwa kawaida itakuwa na kazi nane au tisa. Ukichagua mashine mbili kwa bahati nasibu na kuipa kazi ile yenye mzigo mdogo kati ya hizo mbili, iliyolemewa zaidi itakuwa na nne. Kuulizia mashine mbili tu kunapunguza mlima kwa nusu, bila mgawaji kuhitaji kujua hali ya zote. Mtafiti Michael Mitzenmacher aliijadili hesabu hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1996 katika chuo kikuu kule Berkeley, Marekani, na leo njia hiyo imo ndani ya programu za kugawa mzigo zinazotumika dunia nzima.

Hesabu nyingine ambayo ningependa kila mkurugenzi aijue ni ya foleni. Mashine inayopokea kazi zisizo na mpangilio, ikiwa na shughuli asilimia 50 ya muda wake, mteja humaliza kwa wastani wa mara mbili ya muda wa kazi yenyewe. Kwa asilimia 80, mara tano. Kwa asilimia 90, mara kumi, na kwa 95, mara ishirini. Sasa chukua kompyuta mbili, kila moja ikiwa na mzigo wa asilimia 45. Moja ikifa, iliyobaki inafika 90, na wateja wanaona mfumo mzima umekufa. Kompyuta kumi zenye mzigo huohuo zikipoteza moja, kila iliyobaki inafika 50 tu. Hapa ndipo kugawana kanzidata moja kunapoonesha thamani yake halisi, kwa sababu yoyote kati ya tisa zilizobaki inaweza kumhudumia mteja yeyote.

Ila mashine iliyokufa huacha kufuli zake. Miamala iliyokuwa katikati haijulikani ilipoishia, kwa hiyo rekodi ilizokuwa imezishika haziwezi kuguswa mpaka orodha ya mabadiliko yake iliyoandikwa kwenye diski isomwe na miamala hiyo ikamilishwe au ifutwe. Kwa dakika hizo wateja wengi wanahudumiwa vizuri, na wachache wanaambiwa wajaribu tena baadaye. Umbali nao una gharama. Mwanga katika nyuzi za kioo huchukua takriban mikrosekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kiasi cha kilomita 450 kwa barabara, hiyo ni mikrosekunde 4,500 kwa kila swali la kufuli, mamia ya mara zaidi ya mashine zilizo chumba kimoja. Nakala ya akiba katika mji mwingine ni lazima iwepo, ila kuendesha daftari moja kwa wakati mmoja kutoka miji miwili ya mbali kunalipiwa katika kila muamala.

Wapo wanaosema tuachane kabisa na kanzidata ya pamoja na kila kompyuta iwe na sehemu yake peke yake. Mtafiti Michael Stonebraker alilitetea hilo mwaka 1986, na mifumo mingi mikubwa ya intaneti imefuata njia hiyo. Inafaa kwa kazi nyingi. Lakini malipo ya shule yataangukia sehemu moja vilevile, na mwenye sehemu hiyo atazidiwa peke yake bila jirani wa kumpokea mzigo.

Benki, kampuni za simu na serikali zinaponunua mifumo mipya, huletewa takwimu za majaribio. Naomba wasimamizi wetu wadai jaribio la hapa: watumaji laki moja kutoka mikoa yote, nusu yao wakimlipa mpokeaji mmoja, ndani ya dakika kumi. Katika dakika ya tano kompyuta moja izimwe bila taarifa, iwashwe dakika ya nane, na muda upimwe kwa yule mteja aliyechelewa kuliko wote.